Ukiitwa, Itika

Somo letu la leo ni juu ya wito wa kumtumikia Mungu. Wengi wetu tunadhani wito huja kwa ngurumo. Siyo hivyo. Mara nyingi huja kwa mdomo wa jirani.

Tuseme uko shambani Muheza, unachuma machungwa. Mzee wa kanisa anapita, anakuambia, "Mwenzetu, sasa unajua kusoma. Jumapili ijayo utusomee somo kanisani." Au kina mama wanamwambia mwenzao, "Wewe una moyo wa kuwaangalia wagonjwa. Tuongoze."

Basi, moyo unaanza kudunda. "Mie? Nimejifunza kusoma juzi tu! Nikikosea, si watanicheka?"

Hofu hiyo tunaijua. Siyo dhambi. Hebu tumtazame Samweli wa kwenye Biblia. Alikuwa mtoto tu, amelala hekaluni. Mara tatu alisikia anaitwa, na mara tatu alimkimbilia mzee Eli. Hakujua anayemwita ni nani. Mzee Eli ndiye aliyemwelewesha. Alipoitwa mara ya nne, Samweli aliitika. Asubuhi yake bado aliogopa, maana alipewa habari nzito ya kumwambia mzee yule yule. Lakini aliisema. Kumbe mtu anaweza kuogopa na bado akaitika.

Huku kwetu Tanga alikuwako Samwil mwingine, Padri Samwil Sehoza, Mbondei. Alilitumikia kanisa la Kianglikana la misheni ya UMCA, ambayo kituo chake kikubwa huku kilikuwa Magila, karibu na Muheza. Mwaka 1914 vita vya kwanza vya dunia vilianza. Nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani, na misheni ile ilikuwa ya Waingereza. Basi Wajerumani waliwashuku watu wake kuwa ni rafiki wa adui. Mapadri na walimu Waafrika walikamatwa, wakafungwa. Padri Sehoza alikuwa mmoja wao. Baadaye alieleza mambo yale katika kitabu cha Kiswahili kilichotolewa mwaka 1921. Jina lake ni "Mwaka katika Minyororo".

Tufikiri kidogo. Padri huyu alipoitika wito wake, hakuonyeshwa minyororo. Aliitwa kufundisha na kuwahudumia watu. Minyororo ilikuja miaka mingi baadaye. Hapo ndipo penye fundisho letu. Anayeitwa hadaiwi ujasiri wa maisha yote siku ya kwanza. Anadaiwa ujasiri wa leo. Wa kesho atautafuta kesho. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Sasa, wewe uliyeitwa ufanye nini?

Kwanza, usikae na jambo hilo peke yako. Mwendee padri, mchungaji au mzee unayemwamini, kama Samweli alivyomwendea Eli.

Pili, zungumza na watu wa nyumbani. Utumishi unaoacha watoto na njaa una kasoro.

Tatu, jipime. Je, unatafuta kuwasaidia watu, au unatafuta kusifiwa?

Nne, anza na kazi ndogo. Kama ni kusoma kanisani, lisome somo lako nyumbani kila jioni kwa sauti, mtoto akusikilize. Ukikwama, rudia. Siku ikifika, simama usome polepole. Ukikosea neno, lirudie uendelee. Atakayecheka atacheka mara moja, lakini yule bibi asiyejua kusoma atakuwa amelisikia Neno.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Samweli alimkimbilia mzee Eli?
2. Kwa nini Wajerumani waliwashuku watu wa misheni?
3. Je, kuna kazi uliyoombwa kanisani au kijijini ukaikwepa kwa hofu? Wiki hii utaanza na hatua gani?