Kizunguzungu kisichoisha: namna ya kumfanya daktari akusikilize

Ukiingia zahanati ukasema una kizunguzungu, utatolewa damu ya kupima malaria na utafungwa mkanda wa presha mkononi. Hilo ni sawa kabisa. Malaria ipo, presha ipo, na upungufu wa damu unawasumbua wanawake wengi bila wao kujua. Shida inaanza pale majibu yanaporudi safi na kizunguzungu bado unacho. Kuanzia hapo mgonjwa anaandikiwa vidonge, anaambiwa arudi kisipopungua, anarudi, anaandikiwa vidonge vingine. Nimeishi kwenye mzunguko huo kwa miaka hapa Dar es Salaam, na makala hii namwandikia mtu ambaye yumo ndani yake sasa hivi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Changu kilianza usiku, nilipojigeuza kitandani kuelekea upande wa kulia. Dari lilizunguka kwa kasi hadi nikashika godoro kwa mikono miwili, kisha likatulia lenyewe kabla sijamwamsha mume wangu. Siku zilizofuata kilinirudia kila nilipoinua uso kuandika tarehe juu ya ubao, na kila nilipoinama kuokota chaki. Nilipokwenda kutibiwa, kipimo cha malaria kilisema sina. Nikapimwa Widal, nikaambiwa ni taifodi, nikameza antibayotiki hadi zikaisha. Niseme hapa, kwa sababu wengi hatuambiwi: Widal inatafuta kingamwili, haitafuti vijidudu vyenyewe. Mtu aliyeugua taifodi zamani, au mwenye maambukizi mengine kabisa, anaweza kuonekana anayo leo. Baadaye ikawa UTI. Baadaye nikaulizwa kama nina mimba. Mwishowe daktari mmoja, kijana mpole tu, aliweka kalamu mezani akaniambia, "Mwalimu, vipimo vyako vyote vizuri. Punguza mawazo."

Nyumbani nako shangazi alikuwa na jibu lake. "Mwanangu, hili si la hospitali," alisema, akataka anipeleke kwa mtu anayemfahamu. Simlaumu. Hospitali ikishasema huna ugonjwa huku unashika ukuta kwenda chooni, ndugu watakutafutia jina la ugonjwa mahali pengine.

Andika muda na kichochezi

Kilichonitoa kwenye mzunguko ule ni daftari. Muuguzi mmoja wa makamo, akinipima presha, aliniambia: "Dada, andika kinapokuja unakuwa unafanya nini, na kinakaa muda gani." Sijapata ushauri ulionifaa kuliko huo. Daktari wa wagonjwa wa nje ana foleni hadi mlangoni, na kila aliyetangulia amemwambia ana kizunguzungu. Ukimsimulia kwamba unaelea, unayumba, kichwa chepesi, hapati pa kuanzia. Ukimpa muda na kinachokianzisha, tayari umempunguzia nusu ya magonjwa ya kufikiria.

Kikija kwa sekunde chache, chini ya dakika moja, na kila mara ni baada ya kugeuza kichwa, kulala au kuinuka kitandani, mashaka yanaelekea kwenye sikio la ndani, ugonjwa ambao madaktari huuandika BPPV. Kikidumu kuanzia dakika 20 hadi saa kadhaa, pamoja na mlio sikioni, sikio kujaa na usikivu kupungua, daktari atafikiria ugonjwa wa Ménière, uliopewa jina la tabibu wa Paris aliyeueleza mwaka 1861. Kikija na kichwa kuuma, mwanga kukera na kichefuchefu, huenda ni kipandauso. Watu wengi hawajui kwamba kipandauso kinaweza kuleta kizunguzungu hata siku ambayo kichwa hakiumi. Kikianza ghafla, kikakaa siku nzima au kadhaa mfululizo na kutapika, mara nyingine ni uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio, ingawa hapo lazima kwanza kiharusi kiondolewe kwenye hesabu. Kikija ukisimama tu, na kikiisha ukikaa, huenda presha yako inashuka.

Hilo la mwisho lina kipimo rahisi ambacho unaweza kukiomba. Presha hupimwa ukiwa umekaa, basi. Omba upimwe ukiwa umelala dakika tano, kisha ukisimama, kisha tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, sababu imepatikana, na mara nyingi ni dawa za presha zenyewe, maji kidogo mwilini au damu pungufu.

Katika daftari langu niliandika saa, nilichokuwa nafanya, muda, hali ya masikio na hali ya kichwa. Nyuma nikaandika dawa zote nilizotumia, za dukani na za miti shamba. Usiifiche hata moja. Sindano za gentamicin na streptomycin zinaweza kuharibu sikio la ndani, na kwinini inaleta mlio masikioni na kizunguzungu. Na ukiweza, mwombe mtu wa nyumbani akurekodi macho kwa simu wakati kimekushika. Macho yanayochezacheza yenyewe, na upande yanakoelekea, yanamwambia mtaalamu mambo ambayo maneno yako hayawezi, hasa kwa kuwa kizunguzungu kina tabia ya kutoonekana siku ya kliniki.

Omba kulazwa kitandani

Mwaka 1952 madaktari wawili wa London, Margaret Dix na Charles Hallpike, walieleza kipimo ambacho hadi leo ndicho kinachotambua BPPV. Unakaa kitandani, kichwa kinageuzwa nyuzi 45 upande mmoja, unalazwa chali kwa haraka huku kichwa kikining'inia kidogo ukingoni. Daktari anatazama macho yako. Hakuna mashine, hakuna sindano, hakuna gharama ya maabara. Mimi nilikuwa nimeshalipia CT skani ya kichwa kabla ya mtu yeyote kunilaza hivyo, na CT haiwezi kuonyesha kinachosababisha BPPV.

Ndani ya sikio kuna vipande vidogo mno vya kalsiamu kaboneti vinavyotusaidia kujua juu na chini. Kwa sababu ya umri, kugongwa kichwa, au bila sababu inayojulikana, baadhi vinabanduka na kuingia kwenye mifereji mitatu inayopima mzunguko wa kichwa. Ukigeuka, vinasogeza maji ya mfereji, na ubongo unaambiwa unazunguka wakati umelala. Kwa kuwa kinachosumbua ni kitu kilichopotea njia, kidonge hakikirudishi. Kinarudishwa kwa kugeuza kichwa kwa mpangilio, na aliyebuni mpangilio unaotumika zaidi ni John Epley wa Portland, Marekani. Wenzake walimcheka kwa miaka. Makala yake kuu ilitoka mwaka 1992, na leo mpangilio wake unafundishwa vyuoni.

Kwa mfereji wa nyuma wa sikio la kulia unaendeshwa hivi. Kaa kitandani, geuza kichwa nyuzi 45 kulia. Lala chali, mto ukiwa chini ya mabega ili kichwa kishuke kidogo nyuma. Subiri kizunguzungu kiishe, kisha nusu dakika zaidi. Bila kuinua kichwa, kigeuze hadi kitazame kushoto nyuzi 45. Subiri tena. Lala ubavu wa kushoto, pua ikitazama sakafu. Subiri. Halafu inuka ukae, kidevu kikiwa chini. Sikio la kushoto ni kinyume chake. Mara ya kwanza afanye mtaalamu, kwa sababu lazima ijulikane ni sikio gani na mfereji gani, na mwenye matatizo ya shingo au ya jicho asijaribu peke yake. Kizunguzungu kitakuja wakati wa zoezi lenyewe. Usiogope, na uwe na ndoo karibu.

Hapa nchini wataalamu wa masikio, pua na koo wako kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Mwenye bima anahitaji barua ya rufaa, kwa hiyo iombe kwa jina: sema wazi, "Naomba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, na hii ndiyo kumbukumbu yangu." Sauti ya upole, daftari mezani. Nimeona namna nyuso zinavyobadilika daftari likifunguliwa.

Kinachobaki baada ya kupona

Vipande vyangu vilirudishwa, dari likaacha kuzunguka. Lakini mwili haukutulia. Nikisimama darasani, sakafu ilikuwa inapanda na kushuka taratibu kama niko kwenye pantoni ya Kigamboni, asubuhi hadi jioni. Kariakoo sikuweza kupita: watu wanaokatizana, vitambaa vya rangi vilivyotundikwa, honi. Kwenye mwendokasi nilifumba macho. Kuperuzi simu kwa kidole kulinitia kichefuchefu. Hiki ndicho kipindi nilichoambiwa nipunguze mawazo kwa mara nyingine, na ndicho kilichoniumiza zaidi, maana sasa nilikuwa nimeshatibiwa na nilionekana msumbufu.

Hali hiyo ina jina. Inaitwa PPPD, na vigezo vyake vilichapishwa mwaka 2017 na Chama cha Bárány, cha wataalamu wa kizunguzungu duniani. Ni kuyumba au kuelea siku nyingi za mwezi, kwa miezi 3 au zaidi, kunakoongezeka ukisimama, ukitembea au ukitazama vitu vingi vinavyosogea. Kwa kawaida inafuata tukio fulani: BPPV, kipandauso, hofu kali. Sikio linakuwa limepona, lakini ubongo unaendelea kujihami, unaegemea macho kupita kiasi na kukaza mwili. Wasiwasi unaichochea, ni kweli. Kumwambia mgonjwa asiwe na wasiwasi hakumtibu.

Bárány ambaye chama kilichukua jina lake alikuwa daktari wa masikio Vienna, akapata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 akiwa mateka wa vita Urusi. Ugunduzi wake ulianza na malalamiko. Wagonjwa aliowasafisha masikio kwa maji walimwambia wanashikwa na kizunguzungu maji yakiwa ya baridi. Alipoyachemsha kupita kiasi, wakalalamika tena. Aliyachukulia maneno yao kwa uzito, akatazama macho yao, na kutokana na hapo tukapata kipimo cha sikio la ndani. Nimeifikiria habari hiyo mara nyingi nikiwa kwenye benchi la kusubiri.

Dawa kuu ya PPPD ni mazoezi. Bandika herufi moja ukutani usawa wa macho, simama hatua moja mbele yake, ikazie macho huku ukigeuza kichwa kulia na kushoto kwa dakika moja. Herufi isipoteze umbo. Ikipotea, punguza kasi. Kisha juu na chini. Rudia mara kadhaa kwa siku. Baadaye tembea kwenye korido ukigeuza kichwa, kisha nenda sokoni kidogo kidogo, saa ambazo hakujajaa. Kizunguzungu kiongezeke kiasi na kitulie baada ya muda mfupi; kisipotulia umezidisha. Mimi nilipata fiziotherapia, na pia nikapewa dawa ya kundi la sertraline, ambayo hutumika kwa sonona lakini huwasaidia baadhi ya wenye hali hii. Vidonge vya kutuliza kizunguzungu, kama cinnarizine na prochlorperazine, vinafaa kwa siku chache za mwanzo kikiwa kikali. Vikitumika miezi, vinaweza kuuchelewesha ubongo kujirekebisha. Kama umeandikiwa kwa muda mrefu, muulize daktari kwa nini, wala usiviache bila kumwambia.

Nyumbani weka taa ya usiku njia ya chooni. Usipande ngazi wala kiti kubadilisha balbu. Usiendeshe chombo siku mbaya. Kazini mweleze mkuu wako kwa barua ya daktari. Mimi nilipewa madarasa ya chini yasiyo na ngazi, na sasa naandika ubaoni usawa wa kifua.

Na zipo dalili zisizosubiri daftari. Kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kuvurugika, kuona viwili, kichwa kuuma vibaya mno, kifua kubana, kuzimia au kushindwa kusimama kabisa, nenda hospitali muda huo huo. Sikio moja likiziba ghafla usisikie, usilale nalo ukidhani ni nta.

Kama chako kimepita miezi 3, anza kuandika leo usiku. Na wewe daktari au muuguzi unayesoma hapa, nakuomba: kabla ya kumwandikia mgonjwa wa kizunguzungu dawa nyingine, mlaze kitandani na utazame macho yake. Haichukui dakika tano.