SOMO LA AFYA: DAWA YA MAJANI KWA MOYO MZITO



Somo la safari hii limetokana na jambo lililotupata katika tawi letu, kwenye mashamba ya chai ya magharibi ya Uganda. Dada mmoja mchumaji alikuwa na moyo mzito kwa miezi mingi. Usingizi hakuna, chakula hakipiti, kilo zake kwenye mzani zinapungua, na nyapara anamwita mvivu. Ndugu yake anayefanya kazi Ujerumani akamletea vidonge vya majani. Baada ya wiki kama nne tukamwona anacheka tena. Tulifurahi, na baadhi yetu tukaomba tugawiwe. Miezi michache baadaye akajikuta ana mimba, na kijiti cha kuzuia uzazi bado kimo mkononi mwake. Mkataba wake wa msimu haukuandikwa upya. Kamati ilipokwenda kwa muuguzi kuuliza, naye akauliza kwanza kama dada yule alikuwa anameza dawa nyingine yoyote. Hakuna aliyewahi kumwuliza dada hivyo, hata sisi. Muuguzi alisema hawezi kuapa kwamba majani ndiyo yaliyoharibu kazi ya kijiti, lakini yanaweza kabisa. Basi tuelezane.

Kwenye kasha lile limeandikwa Johanniskraut. Mengine yanaandikwa St John's wort. Jina la kitaalamu ni Hypericum perforatum, na hilo ndilo la kutafuta, maana haligeuki kutoka nchi hadi nchi. Ni mmea mdogo wa Ulaya wenye maua ya manjano, unaochanua karibu na tarehe 24 Juni, sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji, na ndipo ulipopata jina. Ukiinua jani lake juani unaona vitone vinavyopitisha mwanga kama limetobolewa kwa sindano. Ukivunja chipukizi la ua, vidole vinapata rangi nyekundu.

Hapa tuseme jambo moja kwa ndugu zetu wanaoishi chini ya Rwenzori. Huko juu mlimani uko mti wa ukoo huohuo, Hypericum revolutum, nao una maua ya manjano. Ni ndugu, lakini si ndugu pacha. Majaribio tunayoyaeleza hapa hayakufanywa kwa mti huo. Mtu asipande mlima kwenda kuchuma na kuchemsha akidhani amepata dawa ya bure.

Je, dawa hii inasaidia? Ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489. Waliona kwamba kwa ugonjwa wa huzuni, ambao siku hizi unaitwa sonona, majani haya yalishinda vidonge vitupu visivyo na dawa, yakalingana na dawa za kawaida za hospitali, na madhara yake yalikuwa machache zaidi. Lakini waliona pia kwamba matokeo mazuri zaidi yalitoka katika nchi zinazosema Kijerumani, ambako madaktari wameyatumia miaka mingi. Na katika jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2002, kwa wagonjwa 340 waliozidiwa kiasi, majani hayakushinda vidonge vitupu. Kwa haki tuongeze kwamba dawa ya hospitali iliyojaribiwa pamoja nayo haikushinda pia. Katika majaribio mengi mtu alimeza miligramu 900 za dawa iliyokamuliwa na kupimwa kiwandani, kila siku, na ilichukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana. Chai ya majani makavu sokoni haina kipimo hicho.

Sasa hatari yenyewe. Fikirini ini la mtu kama kiwanda. Kazi yake mojawapo ni kuvunjavunja dawa tunazomeza ili zitoke mwilini. Ndani ya majani haya kuna kitu kinachoitwa haipaforini. Kikifika kwenye ini ni kama meneja aliyeajiri vibarua wengi ghafla: mashine zinakwenda mbio, na dawa nyingine inavunjwa kabla haijamaliza kazi yake. Mgonjwa anameza kama alivyoagizwa, saa ileile, kidonge kilekile, lakini damuni dawa ni pungufu. Yeye hajui, wala daktari hajui.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa watu wenye afya majani haya pamoja na indinaviri, dawa iliyokuwa ikitumika sana wakati ule dhidi ya virusi vya Ukimwi. Kiasi cha indinaviri damuni kilipungua kwa asilimia 57. Mwaka huohuo madaktari wa Zürich walieleza habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo. Miili yao ilianza kuukataa moyo mpya baada ya kumeza majani haya, kwa kuwa dawa yao ya kulinda moyo ilishuka. Dolutegraviri, wanayomeza wenzetu wengi siku hizi, nayo hupungua. Dawa ya malaria ya Coartem vilevile: maandishi yake rasmi ya Marekani yanakataza kabisa kuimeza pamoja na majani haya. Kwa mtu wa shambani anayepata malaria kila msimu, hilo si jambo dogo.

Kwa akina mama: vidonge vya kupanga uzazi na kijiti cha mkononi vinaweza kupungua nguvu. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviguswi. Anayetaka kuendelea na majani aongee kwanza na muuguzi kuhusu njia atakayotumia.

Mtu aliyekwisha kupewa dawa ya huzuni hospitali asiongeze majani haya juu yake. Viwili hivyo vikikutana vinaweza kuleta kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio na akili kuchanganyikiwa, na hapo ni kukimbilia hospitali. Aliyewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, haloli wala haogopi kitu, asiyaguse, maana yanaweza kumrudisha huko. Na ngozi inaweza kuungua juani upesi zaidi. Wafugaji wa Australia na California waliujua ubaya huu zamani, kwa kuwa kondoo na ng'ombe waliokula mmea huu walibabuka. Binadamu anayemeza kipimo cha kawaida hapatwi sana, lakini sisi tunashinda juani toka asubuhi.

Kama unayameza sasa, usiache dawa zako za hospitali ili majani yaendelee. Acha majani, umwambie daktari, naye ajue kwamba nguvu yake kwenye ini huendelea kama wiki mbili baada ya kuacha.

Wengine watasema moyo mzito wa mchumaji unatokana na deni la duka na zamu zisizolipwa, na hakuna jani la kutibu hayo. Tunakubali, na hayo tunayapigania mezani na mwajiri. Lakini dada yetu hakuweza kungoja mazungumzo yamalizike. Mtu ambaye wiki mbili mfululizo haoni raha ya kitu chochote, halali, hali, ni mgonjwa, si mvivu. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya magonjwa ya akili, na iko Butabika kule Kampala. Akianza kusema afadhali afe, msimwache peke yake hata usiku mmoja; mpelekeni.

Dada huyu amejifungua salama, mtoto wa kike. Madai yake ya mkataba yako kwa afisa wa kazi, na kamati inakwenda naye kila anapoitwa.