Mganga Hajigangi? Nafasi ya Hospitali Katika Kuhamasisha Chanjo Wakati wa Janga



Katika likizo ya Desemba 2021 tulikuwa mafrateri wawili tuliopangiwa utume katika hospitali moja ya Kanisa. Asubuhi moja muuguzi wa zamu alituomba tuwahimize wagonjwa waliokuwa wakisubiri daktari wachanje dhidi ya UVIKO-19. Tukasema mengi, na tukaona tumesema vizuri. Tulipomaliza, mama mmoja aliyempakata mjukuu wake alinyoosha mkono.

"Samahani, Frateri. Ninyi wenyewe mmeshachanja?"

Tukatazamana. "Bado, mama."

"Basi tangulieni, nasi tutafuata."

Benchi zima likacheka. Makala haya yametokana na swali la mama yule: ni nini hasa kinachoifanya hospitali iaminike inapowaambia watu wachanje?

1. Imani hujengwa kabla ya janga

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 16 Machi 2020. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Kati ya tarehe hizo mbili watu walisikia mengi: wajifukize, wasiogope, chanjo za kigeni si za kuaminiwa, chanjo inaua uzazi. Mtu aliyesikia hayo mwezi Januari, kisha mwezi Julai akaambiwa chanjo ni salama, hakuwa mjinga alipositasita. Alikuwa anatafuta wa kumwamini.

Mwanafalsafa Aristotle anafundisha kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: kwa hoja zake, kwa kugusa hisia za wasikilizaji, na kwa tabia yake mwenyewe. Hii ya tatu anaiona kuwa na nguvu karibu kuliko zote. Hapo ndipo hospitali ilipo na mtaji wake. Bibi yule aliyetuuliza swali alikuwa na kadi ya kliniki ya mjukuu, na mtoto alikuwa amechanjwa polio na surua. Bibi huyo hakuwa mpinzani wa chanjo. Kliniki aliizoea, na muuguzi wake alimfahamu.

Imani ya namna hiyo haijengwi kwa bango la siku moja. Hujengwa kila siku, mgonjwa anapopokelewa dirishani na anapoelezwa dawa zake kwa lugha anayoielewa. Muuguzi aliyemfokea mama mjamzito mwezi wa tatu asishangae mama huyo asipomsikiliza mwezi wa nane.

2. Hospitali ianze na watu wake

Wahenga walisema mganga hajigangi. Wakati wa janga, methali hiyo inageuka kuwa onyo. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, kijana wa Somalia, mwaka 1977. Alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca! Alifanya kazi mahali chanjo ilipokuwepo, lakini aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na mwaka 1980 dunia ikatangazwa kuwa huru na ndui. Miaka mingi baadaye Maalin alizunguka Somalia akiwahimiza wazazi wawachanje watoto wao polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado katika kazi hiyo.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, elimu ya chanjo ianze ndani: kwa madaktari na wauguzi, bila kuwasahau wapishi, wafagizi na walinzi. Mlinzi wa getini huulizwa maswali ambayo daktari haulizwi. Pili, aliyewahi kuogopa anaweza kuwa shahidi mzuri, mradi aseme ukweli.

3. Iseme ukweli wote

Hospitali isifiche madhara ili kupata watu wengi. Mtu aambiwe mapema kwamba mkono unaweza kuuma, na kwamba homa na uchovu vinaweza kumpata kwa siku moja au mbili. Aambiwe pia kwamba kwa chanjo ya Janssen, iliyotumika mwanzo nchini kwetu, tatizo la damu kuganda lilionekana kwa watu wachache sana. Aliyeambiwa mapema, homa ikimjia usiku, hulala. Aliyefichwa huamka na kuwapigia simu majirani.

4. Iheshimu dhamiri

Mnamo Desemba 2020, idara ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilieleza kwamba kupokea chanjo za UVIKO-19 kunakubalika kimaadili, na kwamba chanjo iwe ya hiari. Lakini ilikumbusha pia wajibu wa kutafuta manufaa ya wote: anayekataa kwa sababu ya dhamiri anapaswa kujikinga kwa njia nyingine ili asiwaambukize wengine, hasa walio dhaifu.

Hiari bila maarifa ni kubahatisha. Mtakatifu Thoma wa Akwino anahesabu utayari wa kufundishwa kuwa sehemu ya fadhila ya busara. Basi hospitali itoe nafasi ya kuuliza, bila kejeli. Isingoje watu waje: muuguzi afike kwenye jumuiya ndogondogo, akae, asikilize, ndipo ajibu.

Hitimisho

Kesho yake tulipanga foleni, tukachanja. Wiki iliyofuata tulimkuta mama yule jumuiyani. "Mkono uliuma?" akauliza. Tukamwambia ukweli: uliuma siku mbili. Hakusema kama angechanja. Alituomba tu tumwandikie siku ambazo muuguzi wa chanjo huwa zamu. Tukamwandikia.

Maswali ya kutafakari

1. Katika parokia yako, watu humwamini nani wanapougua? Kwa nini?
2. Je, kuna jambo tunalowahimiza wengine ambalo sisi wenyewe bado hatujalifanya?
3. Jumuiya yako inawezaje kuwa daraja kati ya hospitali na wenye hofu?