Kukata na Kukatika: Ukadiriaji wa Muda wa Kuondoa Hitilafu ya Umeme

Utangulizi

Stima inapopotea ghafla, wengi wetu husema, "Breka imekata," kisha tukangoja irudi. Kauli hiyo yatosha katika mazungumzo ya nyumbani, lakini haimtoshi anayechunguza hitilafu iliyoleta giza lenyewe. Makala haya yanalenga kueleza jinsi muda wa kuondoa hitilafu unavyokadiriwa, na kuonyesha kwamba hesabu hiyo huharibika iwapo lugha inayotumiwa haitenganishi hatua zake. Mwandishi ni mwanafunzi wa fasihi wala si mhandisi. Hata hivyo, mpangilio wa matukio katika wakati ni suala ambalo mwanafasihi hulishughulikia kila siku.

Hatua tatu za tukio moja

Tuchukue mfano wa shoti katika laini ya umeme. Kifaa cha kwanza kuhusika ni rilei, ambayo hupima mkondo kupitia transfoma maalumu na kuulinganisha na kiwango ilichowekewa. Mkondo ukizidi kiwango hicho, rilei husubiri muda uliopangwa, kisha hutuma amri. Rilei yenyewe haikati chochote.

Amri hiyo hufika kwenye koili ya breka, na ncha za breka huanza kuachana. Hii ndiyo hatua ya pili. Hata hivyo, ncha zikiisha kuachana, mkondo huendelea kupita katikati yake kama tao la moto. Katika mkondo geu, tao hilo huzimika katika mojawapo ya nyakati ambapo mkondo unapita kwenye sufuri. Katika mfumo wa hezi 50, kama ule wa Kenya, nafasi hiyo hutokea takriban kila milisekunde 10. Kuzimika kwa tao ndiyo hatua ya tatu, na hapo tu ndipo hitilafu huwa imeondolewa.

Mnyambuliko wa vitenzi unatufaa sana hapa. Rilei huamuru, breka hukata, mkondo hukatika. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendeka zinabeba nyakati mbili tofauti. Anayesema "imekata" akimaanisha "umekatika" ameruka muda ambao, japo ni mfupi kuliko kupepesa jicho, una uzito mkubwa katika hesabu.

Jinsi ya kukadiria

Muda wa rilei nyingi za mkondo uliozidi hutegemea ukubwa wa mkondo wenyewe: mkondo ukiwa mkubwa, rilei huharakisha. Kwa mujibu wa mkunjo wa kawaida wa viwango vya kimataifa vya IEC, muda huo hupatikana hivi: tafuta uwiano wa mkondo wa hitilafu kwa kiwango kilichowekwa, uinue uwiano huo kwa kipeo cha 0.02, toa 1, gawa 0.14 kwa jibu ulilopata. Kisha zidisha kwa kizidishi cha muda kilichowekwa kwenye rilei.

Tuseme kiwango kilichowekwa ni ampea 400, mkondo wa hitilafu ni ampea 4,000, na kizidishi cha muda ni 0.1. Uwiano ni 10. Kumi kwa kipeo cha 0.02 ni takriban 1.047, ukitoa 1 unabaki na 0.047. Ukigawa 0.14 kwa tarakimu hiyo (bila kuikadiria mapema) unapata takriban 2.97, na ukizidisha kwa 0.1 unapata sekunde 0.297.

Msomaji asiishie hapo. Tuseme ncha za breka huchukua milisekunde 40 kuachana, na tao milisekunde 20 kuzimika. Jumla ni milisekunde 60, yaani mizunguko mitatu ya hezi 50. Kwa hivyo hitilafu itaondolewa baada ya takriban sekunde 0.357. Pakiwapo rilei saidizi kati ya rilei kuu na breka, muda wake nao uongezwe.

Athari za kuchanganya

Kwanza, joto linalozalishwa katika nyaya hulingana na mraba wa mkondo ukizidishwa kwa muda. Aliyehesabu muda wa rilei pekee amelipunguza joto hilo. Joto halisi ni takriban asilimia 20 zaidi ya alivyokadiria. Waya uliochaguliwa kwa hesabu hiyo unaweza kuungua.

Pili, nyuma ya breka ya laini moja huwa kuna nyingine inayolinda laini kadhaa kwa pamoja. Tuseme rilei ya breka hiyo ya nyuma imewekewa muda wa sekunde 0.35 kwa hitilafu iyo hiyo, kwa kuwa mpangaji aliona 0.35 ni zaidi ya 0.297. Itaamuru kabla ya mkondo kukatika mbele, na mtaa mzima utaingia gizani badala ya laini moja. Ndiyo maana kwa desturi huachwa pengo la sekunde 0.3 hadi 0.4 kati ya rilei hizo mbili, ili kutosheleza muda wa breka, kasoro za upimaji na akiba ya usalama.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo haitakuwa na maana kwa fundi aliye kituoni ikiwa lugha yenyewe haiwezi kumwambia ni lini breka ilikata na ni lini mkondo ulikatika. Makala haya yameonyesha kwamba inaweza, na kwamba nyenzo zake zimo katika sarufi tunayoifundisha kila siku. Tunaotunga istilahi tuanze kwa kuielewa kazi yenyewe hatua kwa hatua, ndipo tuitafutie maneno. Wahenga walinena: haraka haraka haina baraka. Anayekimbilia kutaja jina kabla ya kujua kinachotajwa huenda akawaacha wengi gizani.