Mtoto mchanga akiharisha, anza kumrudishia maji mwilini

Mtoto anayenyonya hupata choo laini cha njano mara nyingi kwa siku, na hiyo ni hali yake. Shaka iingie pale choo kinapogeuka majimaji tupu na kuongezeka ghafla.

Amepata nini? Mara nyingi ni virusi vya rota. Ndiyo sababu tangu 2013 kliniki zetu hutoa matone ya chanjo katika wiki ya 6 na ya 10. Wapo pia bakteria, vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi na kufika mdomoni kwa mikono, maji au chupa ya maziwa. Baadhi ya aina za E. koli huleta choo cha maji. Shigela huchubua utumbo hadi damu ikatoka. Chupa ni ngumu kusafisha. Kama mtoto hanyonyeshwi, tumia kikombe na kijiko.

Je, si meno? Hapana. Wala “meno ya plastiki” si ugonjwa. Vivimbe vyeupe vinavyoitwa hivyo ni meno yake halisi yaliyo bado ndani ya ufizi, na kuvikata kumewaletea watoto kuvuja damu na maambukizi mabaya. Nakusihi, usimruhusu mtu yeyote amkate mwanao.

Kinachoua upesi ni upungufu wa maji mwilini. Endelea kunyonyesha, tena zaidi ya kawaida. Changanya chumvichumvi (ORS) na maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kila akiharisha, mpe robo hadi nusu kikombe, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea taratibu. Maji ya ORS yaliyopitisha saa 24 yamwage. Ongeza zinki: nusu kidonge cha miligramu 20 kwa aliye chini ya miezi 6, kizima kwa aliyezidi, kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma.

ORS na zinki utavipata zahanati; kwa sera ya serikali, mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vyake. Duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia hapa Ruvuma mwaka 2003, nalo huuza. Usinunue huko antibayotiki kwa kubahatisha: haiui virusi, na ikizoeleka bakteria huwa sugu.

Ukiona damu kwenye choo, utosi umebonyea, macho yameingia ndani, mtoto amelegea, hakojoi au hanyonyi, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Songea, au Hospitali ya Peramiho kama ndiko karibu. Aliye chini ya miezi 2 asisubiri dalili hizo. Beba kadi ya kliniki na dawa zote ulizompa, na mnyonyeshe njiani.