Gari Langu Lilichukuliwa kwa Mkopo wa Kadi: Mambo 7 ya Kufanya Kabla Hawajaliuza



Leo sina somo la kupiga picha za bidhaa wala la kuongeza wafuasi. Kila wiki napata meseji ya aina hii: "Dada, nina gari, nataka kuweka kadi nichukue mkopo niongeze mzigo, unanishauri nini?" Na wiki iliyopita mmoja akaandika: "Dada, gari langu limechukuliwa jana, nifanyeje?" Huyo ndiye amenifanya nikae chini niandike, kwa sababu na mimi yalinikuta.

Ilikuwa hivi.

Nauza mazulia na mapazia mtandaoni, nipo Dar. Mzigo mwingine nachukua Kariakoo, mwingine naagiza China unakuja kwa meli. Nilikuwa na kirikuu, Suzuki Carry, niliyoinunua milioni 9 na nusu kwa akiba ya miaka mitatu. Ndiyo ilikuwa inasambaza oda za mjini, na alfajiri inapeleka vifurushi stendi ya Magufuli pale Mbezi kwa wateja wa mikoani.

Mwezi wa tisa nikaona msimu wa Krismasi unakuja, nikataka mzigo mkubwa. Benki walitaka taarifa za mauzo, na mimi mauzo yangu nilikuwa nayaandika kichwani. Kuna kampuni ya mikopo ikaniambia: lete kadi ya gari leo, kesho unachukua hela. Nikaenda.

Mkopo ulikuwa 4,000,000 kwa miezi mitano. Rejesho 1,200,000 kila tarehe 5. Mkononi nilipata 3,650,000, kwa sababu 350,000 ilikatwa hapo hapo: fomu, bima ya mkopo na kufungiwa GPS. Mkataba uliandika riba asilimia 3.5 kwa mwezi, nikaona nafuu. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, "ada ya uendeshaji", asilimia 6.5 kwa mwezi. Ukijumlisha ni asilimia 10, na ilihesabiwa kwenye milioni 4 yote mpaka mwezi wa mwisho, hata kama deni limeshapungua. Yaani mwezi wa tano ningekuwa nimebakiza 800,000 tu ya mtaji wao, lakini nalipa 400,000 juu yake. Nusu nzima!

Kulikuwa na karatasi nyingine nikasaini bila kuisoma: mkataba wa mauziano ya gari, hauna tarehe, hauna jina la mnunuzi. Afisa mikopo akaniambia, "Huu ni utaratibu tu, dada."

Mwezi wa kumi nikalipa. Mwezi wa kumi na moja nikalipa. Halafu meli ikachelewa. Mzigo niliotegemea uingie mwishoni mwa Novemba ulitoka bandarini Januari, msimu umeshapita. Tarehe 5 Desemba sikuwa na rejesho. Simu zikaanza kuita, na mimi sikupokea. Nilijisemea mzigo ukitoka nitawalipa na faini yao, sina haja ya kujieleza. Faini ilikuwa 20,000 kwa siku. Hata mume wangu sikumwambia kama nina mkopo.

Usiku wa kuamkia tarehe 22, saa nane, tukasikia geti. Mume wangu akatoka na panga akijua ni wezi. Nikamkimbilia nikamshika mkono: "Baba Zawadi, waache. Ni deni langu." Ndivyo alivyojua.

Kirikuu ikaondoka na vifurushi 11 ndani, vya wateja ambao walishalipa. Thamani yake 1,640,000.

Sasa twende kwenye somo. Haya ndiyo niliyofanya, na mengine ndiyo niliyojifunza kwa kuchelewa.

1. USIPIGANE, LAKINI JUA NI NANI AMECHUKUA

Gari siyo sawa na maisha ya mtu. Ila usiliachie kimya kimya. Omba majina yao, kitambulisho, na barua ya kampuni iliyowatuma. Wakisema wao ni madalali wa mahakama, waombe amri ya mahakama. Piga picha, andika namba ya gari walilokuja nalo, uliza gari lako linapelekwa yadi gani. Mwite mjumbe au jirani awe shahidi. Kama hawataki kujitambulisha, nenda polisi usiku huo huo ukachukue RB, maana hujui kama ni mkopeshaji kweli au ni wezi waliosikia una mkopo.

2. VILIVYOMO NDANI YA GARI SIYO DHAMANA

Uliweka gari, hukuweka mazulia ya wateja. Mimi asubuhi ile nilikuwa yadi kabla hawajafungua, na orodha ya vifurushi vyote 11, jina la mteja, picha ya kila kifurushi na ujumbe wa malipo. Walitaka kunizungusha: lipa kwanza. Nikawaambia kwa upole, mnanidai mimi, hawa wateja hamuwadai, na wao wakija hapa watakuja na polisi. Nikaandika barua, wakaigongea muhuri wameipokea. Kesho yake nikatoa vifurushi vyote. Bila zile picha nisingekuwa na cha kuonyesha. Tangu siku hiyo hakuna kifurushi kinachotoka kwangu bila kupigwa picha.

3. WAAMBIE WATEJA UKWELI KABLA HAWAJAULIZA

Hapa wengi ndipo wanapoua biashara. Gari linachukuliwa, wanazima simu, kesho wanaitwa matapeli kwenye magrupu. Mimi nilimtumia kila mmoja ujumbe huu: "Gari la kusambaza limepata tatizo usiku, kifurushi chako kipo salama, kitachelewa siku mbili hadi tatu. Kama huwezi kusubiri nakurudishia hela yako leo." Tisa walisubiri. Wawili walitaka hela yao, nikawarudishia jioni ile ile. Mmoja kati ya hao wawili bado ni mteja wangu mpaka leo. Gari unaweza kununua jingine. Jina likishachafuka mtandaoni, kulisafisha ni kazi ya miaka.

4. OMBA HESABU KWA MAANDISHI

Kwa mdomo niliambiwa "kama milioni 4 na nusu hivi". Hiyo "hivi" usiikubali. Niliomba mchanganuo wenye muhuri, nikaupata tarehe 24:

Marejesho matatu yaliyobaki: 3,600,000
Faini siku 17: 340,000
Gharama ya kukamata gari: 300,000
Jumla: 4,240,000, na yadi 10,000 kwa kila siku gari linalokaa.

Soma vizuri mstari wa kwanza. Wameweka riba na ada ya miezi yote mitatu, wakati mwezi wa tano ulikuwa haujaanza. Kama nalipa deni lote sasa hivi, kwa nini nilipie mwezi ambao hela yao sikukaa nayo? Nikauliza swali hilo tu, kwa barua, na nikaambatanisha risiti zangu zote. Tukakaa mezani. Wakatoa 400,000 ya mwezi wa tano na nusu ya faini, 170,000. Hiyo ni 570,000 iliyopatikana kwa sababu ya kuomba karatasi.

5. KAMA HUWEZI KULIKOMBOA, LIUZE WEWE MWENYEWE

Hili ndilo somo kubwa, kama utasahau mengine usisahau hili.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kukopa mahali pengine nikalikomboe. Mume wangu, ambaye alikuwa na kila haki ya kunifokea, akaniambia kitu kimoja tu: "Mama Zawadi, ukikopa kulipa mkopo, mwakani tutakaa hapa hapa hatuna gari na hatuna vyombo." Nilinuna, lakini alikuwa sahihi.

Mkopeshaji alikuwa na dalali wake tayari, anataka kuichukua kirikuu kwa 4,500,000. Fikiria. Yeye shida yake ni deni lake lirudi, hana haja ya kuhangaikia bei nzuri. Kwa bei hiyo, nikitoa deni walilokuwa wanadai mpaka tarehe 29, yaani 4,310,000, mimi ningebaki na 190,000. Na kama gari lingeuzwa chini ya deni, bado wangenidai kilichopungua. Kuchukuliwa gari siyo kufutiwa deni, watu wengi hawalijui hili.

Nikaandika barua nyingine: naomba siku 7 nitafute mnunuzi mwenyewe, atakuja kukagua gari yadi kwenu, na deni lenu atawalipa moja kwa moja ofisini. Wakakubali, kwa sababu kwao ni hela ya haraka bila usumbufu.

Halafu nikafanya kazi ninayoijua. Nilikuwa na picha nzuri za kirikuu za zamani. Nikaandika mwaka wake, hali ya injini, matairi, na kasoro zake zote, nikaweka bei, nikatupia kwenye magrupu na status. Nilisema wazi gari lina deni na litalipwa mbele ya mnunuzi. Wapo walionicheka. Siku ya nne akaja kaka mmoja anayesambaza vinywaji, akaleta fundi wake, tukakubaliana 7,800,000.

Tarehe 29 tulikaa ofisini kwao. Deni lililokubaliwa, pamoja na yadi ya siku 7, lilikuwa 3,740,000. Mnunuzi akalipa hiyo kwenye akaunti ya kampuni, iliyobaki 4,060,000 akaniingizia mimi. Weka pembeni ya ile 190,000 uone tofauti.

6. USITOKE OFISINI BILA MAKARATASI YAKO

Ukimaliza deni chukua vitu vinne: barua ya kumaliza deni yenye muhuri, kadi halisi ya gari, funguo ya akiba, na ule mkataba wa mauziano uliousaini wazi. Mimi huo mkataba niliuchana mbele yao. Ukibaki mikononi mwa mtu, siku yoyote unaweza kujazwa jina na tarehe. Na kama umeuza, hakikisha umiliki unahamishwa TRA kwenda kwa mnunuzi. Gari likikamatwa kwa kosa barabarani huku jina bado ni lako, watakutafuta wewe.

7. UNA MAHALI PA KULALAMIKA

Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kampuni ya mikopo ambayo haipokei amana lazima iwe na leseni ya Benki Kuu, na orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Benki Kuu pia iliweka ukomo wa riba kwa kampuni hizi, asilimia 3.5 kwa mwezi. Sasa unaelewa kwa nini mkataba wangu ulikuwa na riba ya 3.5 na "ada" ya 6.5 pembeni. Ukiona umeonewa, anza kulalamika kwa mkopeshaji mwenyewe kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Benki Kuu ukiwa na nakala hizo. Kulalamika kwa mdomo ni sawa na kutolalamika.

KWA AMBAYE BADO HAJAWEKA KADI

Sisemi usikope. Mimi mwenyewe nakopa, ila kwenye SACCOS, na mkopo haujawahi kuzidi mauzo yangu ya mwezi mmoja. Lakini kabla hujatoa kadi jiulize maswali matatu:

Mkononi napata ngapi, na jumla narudisha ngapi? Usiulize riba tu. Mimi nilipokea 3,650,000 nirudishe 6,000,000.

Rejesho la kwanza litatoka wapi kama mzigo ukichelewa mwezi mzima? Kama jibu ni "hautachelewa", usichukue.

Hili gari likiondoka kesho, biashara yangu inaendelea? Kama ndilo linaloleta hela ya rejesho, basi umeweka rehani kile kile unachotegemea kulipia.

Na kama tayari una mkopo na unaona tarehe inakuja huna hela, pokea simu. Afadhali wewe upige kabla. Wiki moja kabla ya tarehe 5 Desemba ningeweza kuomba nilipe ada ya mwezi tu na mtaji usogezwe mbele, au kuiuza kirikuu ikiwa nyumbani kwangu, sina faini, sina gharama ya kukamatwa, sina yadi. Hesabu faini iliyobaki 170,000, kukamatwa 300,000, yadi 70,000. Laki tano na elfu arobaini nililipa kwa sababu ya kuona aibu kupokea simu.

Leo nasambaza kwa bodaboda, mizigo mikubwa nakodi kirikuu ya mtu. Siku ambazo oda ni nyingi naikumbuka yangu, sitawadanganya. Ila ile milioni 4 ilinilipia gharama za mzigo wa Januari, na daftari la mauzo sasa naliandika kila jioni. Baba Zawadi ndiye analikagua.

Kama gari lako limechukuliwa wiki hii, leo nenda kaombe hesabu kwa maandishi. Usisubiri kesho. Mwenye swali aandike hapo chini, nitajibu, na mwenye uzoefu wake atusaidie pia. Mtumie mwenzako ambaye unajua ameweka kadi.