Ndugu Wanapotilia Shaka Biashara Yako ya Masoko ya Fedha

Lengo la somo: kumwezesha mwananchi anayenunua na kuuza fedha za kigeni au hisa kila siku kwa njia ya simu kuipokea shaka ya ndugu na marafiki, kuipima, na kuijibu kwa ushahidi.

Simu ya mkononi imewezesha biashara hii kufanyika popote, iwe Mugumu, Sirari au Nyamongo. Mfanyakazi wa hoteli ya kitalii huijaribu wakati wa masika, wageni wanapopungua. Mwingine huianza baada ya kupokea fidia ya shamba. Hata hivyo, nyumbani mara nyingi hapokelewi vizuri. Mama husema ni kamari, mke huuliza fedha zimekwenda wapi, na rafiki huonya kwamba ni utapeli. Kabla ya kukasirika, fahamu chanzo cha maneno hayo.

1. Chanzo cha shaka

Kwanza, watu wana kumbukumbu. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha mradi wa upatu wa DECI, ambao wanachama wake waliambiwa wapande mbegu ya fedha na kuvuna zaidi ya walichopanda. Mzee aliyeshuhudia majirani wakipoteza akiba zao ana sababu ya kuuliza kila anaposikia habari ya faida ya haraka.

Pili, mali nyingi za nyumbani si za mtu mmoja. Katika familia nyingi za Wakurya, ng'ombe wa mahari walioletwa kwa ajili ya binti ndio hutolewa kumwozesha kaka yake. Anayeuza ng'ombe mmoja ili apate mtaji huenda ameuza sehemu ya ndoa ya mdogo wake. Ndugu anayehoji hapo anatetea haki yake, wala hana wivu.

Tatu, takwimu ziko upande wao. Mwaka 2018 mamlaka ya Umoja wa Ulaya inayosimamia masoko ya dhamana ilieleza kuwa asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za watu binafsi katika mikataba ya kubashiri mabadiliko ya bei hupata hasara. Nchini Brazil, watafiti waliwafuatilia watu walioanza kununua na kuuza kwa siku katika soko la mikataba ya baadaye. Kati ya walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipata hasara.

2. Eleza kwa lugha inayoeleweka

Usimweleze baba mkubwa kwa istilahi za mtandaoni. Anza na anachokijua. Mtu yeyote aliyefika Sirari anajua kuwa thamani ya shilingi ya Kenya kwa shilingi ya Tanzania hupanda na kushuka, na kwamba anayenunua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu hupata faida. Kisha eleza tofauti bila kuificha: mtandaoni hushiki noti, na mara nyingi dalali hukuruhusu kufanya biashara kubwa kuliko fedha ulizoweka.

Tuseme umeweka shilingi 200,000, na dalali anakuruhusu kufanya biashara yenye thamani mara 100 ya kiasi hicho, yaani shilingi 20,000,000. Bei ikienda kinyume nawe kwa asilimia 1 tu, hasara ni shilingi 200,000, na fedha zako zote zimekwisha. Ukishindwa kueleza hesabu hii nyumbani, hujawa tayari kuifanya.

3. Jibu kwa daftari

Picha ya faida ya siku moja haithibitishi lolote. Andika kila wiki fedha ulizoweka, ulizotoa, gharama za miamala na vifurushi vya intaneti, na muda uliotumia. Hesabu kuwa mapato yale tu yaliyorudi katika akaunti yako ya benki au ya simu. Namba inayoonekana kwenye programu bado si fedha mkononi. Baada ya miezi 3, kaa na mwenzi wako mlisome daftari pamoja. Kama linaonyesha hasara, waliotilia shaka walikuwa sahihi, na kuacha ni uamuzi wa busara.

4. Weka mipaka

Usitumie ada ya shule, fedha za mbegu na pembejeo, akiba ya kikoba wala mkopo. Usiweke rehani nyumba ya familia. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Taja kiasi ambacho ukikipoteza chote hakuna atakayelala njaa, kisha usikiongeze.

Vilevile, usipokee fedha za ndugu au marafiki ili uwafanyie biashara. Kusimamia uwekezaji wa watu wengine kunahitaji leseni, na hasara yake huvunja undugu.

5. Jihadhari na anayekutenga na ndugu

Baadhi ya wanaojiita walimu wa biashara hii huwafundisha wafuasi wao kwamba ndugu wanaohoji ni maadui wa mafanikio, na kwamba wasiambiwe lolote. Hiyo ni dalili ya hatari. Biashara halali haiogopi maswali ya mama yako. Dalili nyingine ni ahadi ya faida isiyobadilika, malipo kwa kuingiza watu wapya, na kudaiwa ada kwanza ili utolewe fedha zako.

Kabla ya kuweka fedha, uliza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama dalali wa hisa ana leseni. Kwa fedha za kigeni, uliza Benki Kuu ya Tanzania. Leseni ya Kenya au ya Ulaya si leseni ya Tanzania. Wapelekee ndugu zako jibu utakalopata.

6. Mfano wa majibu

Kwa mzazi: “Baba, niliyoweka ni laki mbili za mshahara wangu. Sikugusa ng'ombe wala sikukopa. Daftari hili hapa.”

Kwa mwenzi: “Tukubaliane kiasi. Kikiisha, naacha.”

Kwa rafiki anayekejeli: “Nimekusikia. Tuzungumze mengine.” Huyu hahitaji hesabu zako, kwa kuwa fedha zake hazimo.

Maswali ya kujipima

1. Je, kuna mtu nyumbani asiyejua kiasi ulichopoteza, ingawa hasara hiyo inamgusa?
2. Je, jumla ya fedha ulizotoa inazidi jumla ya ulizoweka?
3. Ni nani ana haki ya kukuambia uache, na je, umemwambia hivyo?

Ukisita kujibu swali lolote kati ya haya, usiweke fedha nyingine mpaka umezungumza na familia yako.